Zulia Limeondoka na Heshima Yangu

Sebule yangu siku hizi inapiga mwangwi. Ukipiga chafya mlangoni unajibiwa kutoka dirishani. Zulia limeondoka. Mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee, yale yenye vishada vya dhahabu, yameondoka. Vitambaa vya makochi alivyofuma dada yangu kwa mkono vimekunjwa vikafungiwa sandukuni, na maua ya plastiki yaliyokuwa juu ya televisheni tumewagawia majirani, ambao waliyapokea kwa huruma kana kwamba tumefiwa. Wageni wakiingia wanazungusha macho, wanakaa kwenye ncha ya kochi, halafu wananiuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, kwema lakini?" Najua wanachofikiri. Wanafikiri wale jamaa wa kausha damu wamekuja na pikapu wakabeba.

"Kwema," nawaambia. "Ni pumu ya mtoto."

"Pumu inakula mazulia?"

Basi hapo ndipo ninapoanza somo, chai ikipoa.

Binti yetu wa mwisho hajafika hata darasa la kwanza. Mafua yakimpata yeye hayaishii puani, yanashuka kifuani na kupanga chumba. Usiku wa manane unasikia kifua kinapiga mluzi, anakohoa mpaka anatapika, asubuhi anaamka anacheza, unaanza kujiuliza kama uliota. Daktari wa watoto alitueleza kwamba njia zake za hewa zimevimba kwa ndani na ni nyepesi kuchokozeka. Zikikutana na kitu zisichokitaka, misuli inayozizunguka inabana, ute unaongezeka, na mtoto anabaki kuvuta hewa kupitia kitundu cha mrija wa soda.

Mimi nilikwenda pale nikitegemea kuandikiwa dawa na kurudi kazini. Daktari akaandika dawa, halafu akaweka kalamu chini na kuanza kunihoji mambo ya nyumba kama karani wa sensa. Mto wa mtoto umejazwa nini? Mnapikia nini, na wapi? Nani anavuta sigara? Mnafukuzaje mbu? Kuna ukuta unaotoa jasho? Mke wangu anajibu huku ameshika daftari. Mimi nikaona hesabu zinaanza kujipanga kichwani, maana kila swali la daktari lilikuwa na bei. Alitwambia pia kwamba si kila mtoto wa pumu anasumbuliwa na kitu kilekile, kwa hiyo tumwangalie wa kwetu, tujue kinachomchokoza. Nyumba ikishasafishwa, dawa inaendelea vilevile. Sentensi hiyo ilinikata maini. Nilitarajia kama natoa zulia, basi angalau niokoe pesa ya dawa.

Tuanze na utitiri. Utitiri wa banda la kuku naufahamu, una ustaarabu wa kukuwasha ili ujue umefika. Huu wa vumbi la ndani hauumi, hauwashi, na hauonekani kwa macho, kwani urefu wake ni kama theluthi ya milimita. Mwaka 1964 kule Leiden, Uholanzi, Reindert Voorhorst na wenzake ndio waliounyooshea kidole kwamba ndio chanzo cha ule mzio watu waliokuwa wakiulaumu kwa jina la jumla la vumbi. Unaishi kwenye godoro, mto, zulia na kochi la kitambaa. Chakula chake ni magamba ya ngozi yetu yanayodondoka, na kinachoharibu kifua cha mtoto hasa ni kinyesi chake. Maana yake ni kwamba mimi, mwenye nyumba ndogo na mshahara mdogo, nimekuwa nikilisha jeshi zima bila kujua, na jeshi lenyewe linanilipa kwa kinyesi.

Mdudu huyu hanywi maji. Anafyonza unyevu wa hewani. Sasa niambie, Dar es Salaam wakati wa masika, nguo ukiianika Jumatatu unaivaa Alhamisi na bado ina ubichi kwapani, huyo mdudu atakosa nini? Wenzetu wa Dodoma angalau ukavu unawasaidia kupigana. Sisi wa pwani tunampa kitanda, chakula na kinywaji.

Amri ya kwanza ikawa mto. Mto wa mtoto ulikuwa wa sufi, na sufi hiyo ilitoka kwenye msufi wa uani kwa bibi yake, Tanga, akaichambua mwenyewe na kuijaza mwenyewe. Kuutoa mto ule ndani ya nyumba kulihitaji vikao. Mwishowe tukamwambia bibi kwamba mto umetunzwa, jambo ambalo ni kweli, umetunzwa ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati la stoo. Mtoto sasa analalia mto wa sponji wenye foronya ya zipu isiyopitisha vumbi, na godoro nalo limevalishwa koti la zipu. Mtoto akijigeuza usiku, godoro linalia chwa, chwa, na mimi naamka nikidhani kuna mtu anafungua chipsi.

Shuka zake zinafuliwa kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 hivi, maana maji ya uvuguvugu kwa mdudu yule ni kuogeshwa tu. Kipimajoto sina. Kipimajoto ni kidole changu.

Halafu kuna dubu. Dubu ni mdoli wa manyoya, mkubwa kidogo kuliko sahani ya ubwabwa, jicho moja limelegea, na binti yangu halali bila yeye. Daktari alisema wanasesere wa manyoya ni hoteli ya utitiri, wagawiwe. Mtoto alisikia. Kilio kilichofuata kingeweza kuleta shambulio lenyewe la pumu, kwa hiyo ikatafutwa njia ya kati: dubu anafungwa ndani ya mfuko, analazwa kwenye friza usiku kucha, asubuhi anafuliwa. Baridi inaua utitiri, lakini kinyesi hakiondoki kwa baridi, ndiyo maana lazima afuliwe. Kwa hiyo dubu analala katikati ya vibua na vifuko vya barafu. Shangazi yangu alikuja siku moja, akafungua friza achukue barafu ya juisi, akakuta jicho linamtazama. Hakusema kitu. Alifunga friza, akakaa, akaomba maji ya kawaida. Mpaka leo sijui amewaambia nini ndugu zangu wa Morogoro.

Ufagio nao umestaafishwa ndani. Kufagia kavukavu ni kuliamsha vumbi lililokuwa limelala zake na kulielekeza puani mwa mtoto, kwa hiyo sasa ni tambara bichi na deki, kila siku. Na lipo pangaboi. Nani kati yenu amewahi kutazama juu ya mapanga ya pangaboi lake? Mimi nilitazama. Kuna utando mzito wa kijivu, laini, umeshikana pembeni kama kitambaa, na kila ukiwasha unakatika vipandevipande na kushuka kitandani. Mbinu aliyoileta mke wangu ni hii: unachukua foronya kuukuu, unaivisha panga lote mpaka shinani, unabana kwa viganja viwili, halafu unaivuta taratibu kuelekea kwako. Uchafu unabaki ndani ya foronya. Ni mbinu nzuri sana kwa mtu anayesimama chini kutoa maelekezo. Aliye juu ya stuli, shingo imekunjwa, jasho linaingia machoni, akiambiwa "bado pale, hapana, kushoto kwako," ana maoni yake. Mtoto mwenyewe siku hiyo anapelekwa kwa jirani mpaka vumbi litulie, na anarudi amekula kwa watu.

Moshi sasa.

Zamani jioni ikifika tulikuwa tunawasha ile dawa ya mbu ya kuchoma, ya mzunguko, ya kijani. Nyumba nyingi mjini hapa zinawasha. Mke wangu akaleta takwimu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walizipima dawa za aina hiyo kutoka China na Malaysia, wakakuta kwamba kuchoma moja kunaweza kutoa chembe laini za moshi sawa na za kuchoma sigara kati ya 75 na 137. Aliisoma takwimu hiyo mezani, mbele ya kaka yake. Kaka yake, shemeji yangu, anavuta, na ndiye niliyekuwa nikimfukuza barazani kila jioni kwa maneno makali.

"Kwa hiyo, shemeji," akasema polepole, akiifurahia kila silabi, "mimi navuta moja, nje, nafukuzwa. Wewe unachoma mia na thelathini na saba, chumbani?"

Furaha yake haikudumu, kwa sababu dada yake alimgeukia na yeye. Moshi wa sigara haubaki getini. Unaingia naye kwenye shati, kwenye nywele, kwenye viganja, halafu anambeba mtoto na kumkumbatia. Shemeji sasa ana shati maalumu la kuvutia sigara, limetundikwa kwenye msumari nje karibu na bomba. Akitaka kuvuta analivaa, anakwenda barabarani, akirudi analivua, ananawa mikono na uso. Majirani wanamwona mtu mzima anavaa na kuvua shati uani mara kadhaa kwa jioni moja. Naye amepunguza kuvuta, si kwa ajili ya afya, ila kwa uchovu wa vifungo.

Mbu tumewaachia chandarua chenye dawa na nyavu za madirishani. Chandarua nacho kinashika vumbi, kwa hiyo kinafuliwa, ila kwa sabuni ya kawaida na si kila wiki, na kinaanikwa kivulini kwa sababu jua kali linaharibu dawa yake. Godoro lakini linatolewa juani. Hivyo Jumamosi uani kwangu kuna mipaka: huku jua, kule kivuli, hiki hapana, kile ndiyo, na mimi napita katikati nimebeba godoro kichwani nikipigiwa kelele kutoka pande mbili.

Lakini vita kubwa ilikuwa ya udi. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga alifika na kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na chetezo, ubani na kikopo cha udi wa kuchanganya mwenyewe. Alivuka kizingiti, akasimama, akavuta pumzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona nyumba haina harufu?"

"Ndiyo tunavyotaka, mama. Kifua cha mtoto."

"Nimelea saba kwa udi, baba. Nyumba isiyofukizwa usiku wa Ijumaa ina nini ndani yake?"

Mkwe hajibizani na mama mkwe. Huo ndio ukuta niliougonga. Nikamtuma mke wangu, mke wangu naye akaambiwa kwamba yeye ni mmoja wa wale saba na yuko hai. Hoja ya kisayansi ilikuwa rahisi kabisa: moshi ni moshi. Mapafu ya mtoto hayaulizi kama unatoka kwenye udi wa harusi, ubani wa dua au gurudumu la gari linaloungua. Ila sema wewe maneno hayo mbele ya chetezo cha mama mkwe, tuone.

Mtoto ndiye aliyemaliza kesi. Bibi alipowasha makaa, binti akakaa karibu naye, kwa mapenzi tu, na haikupita muda kikohozi kile cha usiku kikamshika mchana kweupe. Bibi hakungoja kuambiwa. Alibeba chetezo kwa kanga mpaka nje, mbio, kwa umri ule. Tangu hapo anafukizia kanga zake chini ya mwembe, anazipunga upepo kwanza, ndipo anaingia nazo. Nyumba ya jirani wa nyuma siku hizi inanukia vizuri kuliko yangu. Na mimi, nisiseme uongo, ninaukumbuka ule udi.

Jikoni tumehamia gesi. Nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaotaka Watanzania asilimia 80 wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wake. Mimi nimeingia kwenye asilimia 80 mapema, na mtungi wangu nao unaisha mapema. Kinachoumaliza ni maharage. Maharage hayana habari na mkakati wowote, yanachemka yanavyotaka yenyewe. Tunayaloweka usiku kucha, tunayapika kwa presha kuka, na bado nikisikia ule mlio wa gesi nasikia noti zinaungua moja moja. Na hata gesi haijasafika kabisa, ikiwaka inatoa hewa inayochokoza kifua, kwa hiyo dirisha la jikoni liwe wazi.

Ukilifungua tu, unapokea moshi wa jirani. Huyu ni mzee mstaafu, mtu wa nidhamu, anaamka alfajiri, anaswali, anafagia uwanja wake mpaka mchanga unapata mistari, kisha anakusanya majani, mifuko ya plastiki na nepi za wajukuu, anapiga kiberiti. Ananiita kijana. Utamwanzaje mzee anayekuita kijana? Nilikwenda na nusu kilo ya sukari, tukazungumza kuhusu mvua, kuhusu mpira, kuhusu pensheni, na nilipokuwa natafuta viatu ndipo nikataja kifua cha mtoto. Akasikitika mno. Kesho yake akahamishia rundo lake ukuta wa upande wa pili. Sasa jirani wa upande wa pili hanisalimii.

Mwenye nyumba tusimzungumzie sana, nitapandisha presha. Chumba cha mtoto kilikuwa na ukungu mweusi nyuma ya kabati, ukuta ule unaogusana na bafu. Mwenye nyumba ukimwambia ukungu, yeye anasikia rangi. Alileta mpaka rangi, ikapakwa nyeupe safi, harufu yake ikatufukuza chumbani, na masika yalipopiga madoa yakarudi palepale, yamevaa nyeupe. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta. Nimelipa fundi mwenyewe, akavunja, akabadilisha, ukuta ukaachwa ukauke kabla ya kupigwa plasta, na makubaliano ni kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Kodi ya miezi sita nimelipa. Makato bado yanachemka kama yale maharage.

Mende nao kinyesi na magamba yao ni sumu kwa vifua hivi, na dawa ya kupuliza ya kuwaulia nayo inakera kifua vilevile, kwa hiyo tunatumia chambo cha kuwekwa kwenye nyufa na sheria kwamba vyombo havilali vichafu. Sheria hiyo haijataja jina la mtu, lakini sijawahi kumwona mwingine akiosha masufuria saa nne usiku.

Kinachonichosha kuliko deki zote ni ushauri. Kila anayeingia ana dawa yake: tangawizi, vitunguu swaumu, mafuta ya nyonyo. Na wakiiona pampu wanashtuka kwa pamoja. "Mnampa hiyo? Akizoea haachi." Hakuna kuzoea kwa namna hiyo. Kwa mwanangu ipo ya buluu ya kumfungulia akibanwa, na ipo ya kahawia ya kila siku ya kutuliza ule uvimbe, ambayo akishavuta anasukutua mdomo. Ukiiacha ya kila siku kwa sababu mtoto anacheza vizuri, ndiyo umemwandalia usiku mbaya. Chombo chenyewe kilitokana na mtoto mlalamishi: katikati ya miaka ya 1950, Marekani, binti wa miaka 13 wa George Maison, mkuu wa Riker Laboratories, alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake ya pumu isitiwe kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Mwaka 1956 pampu ikawa sokoni. Binti yangu naye analalamika kutwa, ila sina maabara.

Mtoto mdogo hawezi kuivuta moja kwa moja, inabidi kupitia chemba. Chemba ya dukani ni ghali, hivyo ya kwetu ya kwanza ilikuwa chupa ya maji. Shemeji alicheka: "Hospitali nzima, mmetoka na chupa tupu?" Acha acheke. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwenye jarida la Lancet mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitundu kinacholingana na mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri pembeni, inafanya kazi sawasawa na chemba ya kununua. Unatikisa pampu, unabonyeza mara moja, mtoto anavuta na kutoa pumzi taratibu mara kadhaa mdomo ukiwa umeshika chupa. Wetu anahesabu mwenyewe kwa vidole, na hesabu yake inaruka kutoka tatu kwenda sita akiona katuni zimeanza.

Hapa tu ndipo siwezi kutania. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, mbavu zikaingia ndani anapovuta hewa, au midomo ikageuka rangi, mpe ile ya buluu na mwende hospitali hapo hapo, njiani mwendelee kumpa mlivyoelekezwa. Tangawizi itawakuta hukohuko.

Na hali ikoje sasa? Afadhali, na hiyo afadhali nayo ina gharama zake. Analala usiku, kwa hiyo anaamka saa kumi na moja akiwa na nguvu za kikosi kizima. Anakimbia sebuleni kwenye sakafu tupu, anateleza kwa soksi kutoka mlangoni hadi ukutani, kelele zote zinarudi na mwangwi. Mwezi uliopita alikwenda kwa rafiki yake, akarudi na hoja mpya. Anataka paka.

Nikamweleza kwamba paka na kifua chake hawatapatana.

"Kwa sababu ya manyoya?"

"Ndiyo, manyoya."

"Basi tumnyoe."

Ikabidi niende mbele zaidi, nimwambie kwamba kinachosumbua hasa ni mate ya paka na magamba ya ngozi yake, hata akinyolewa kipara bado anajilamba. Akafikiri. Akamtazama dubu, aliyekuwa kwenye kamba ananing'inia kwa masikio.

"Basi tumweke kwenye friji."

Mama yake hakucheka. Ameona mtoto ana haki ya kuwa na kiumbe kimoja kinachopumua ndani ya nyumba hii, mradi kisiwe na manyoya, mabawa wala mate. Nimeshatumwa Kariakoo nikaulizie bei ya tangi la samaki.